KINGA INAPOUGEUKIA MWILI WAKE: TUUFAHAMU UGONJWA WA LUPUSI



Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuwaletea habari za malaria, kipindupindu, upungufu wa damu na lishe ya watoto. Hayo ni matatizo ambayo adui wake hutoka nje: mbu, maji machafu, chakula duni. Mwezi huu tunapenda kuzungumzia maradhi ya aina nyingine, ambayo adui hatoki nje. Ni yale magonjwa ambayo kinga ya mwili, ile ile tuliyojaliwa na Mwenyezi Mungu ili itulinde, inageuka na kuushambulia mwili wenyewe.

Magonjwa ya namna hiyo ni mengi. Kisukari kinachowaanza watoto na vijana, ambacho hutibiwa kwa sindano za insulini, ni mmojawapo. Baridi yabisi inayopinda vidole vya mikono ni mwingine. Leo tumechagua ugonjwa mmoja tu, lupusi, kwa sababu mbili. Kwanza, huwapata zaidi wasichana na akina mama walio katika umri wa kuzaa na kulea. Pili, dalili zake hufanana na za magonjwa mengine, hivyo mgonjwa huchelewa kutibiwa. Wakati anazunguka huku na huko akitafuta nafuu, maneno yanakuwa yameshaenea mtaani: "Huyo ana ukimwi," au "Huyo amerogwa." Maneno hayo huvunja ndoa na kuwatenga wagonjwa, nayo si ya kweli.

UGONJWA WENYEWE NI UPI?

Lupusi ni jina la Kilatini, maana yake mbwa mwitu. Matabibu wa kale huko Ulaya waliona vidonda vya usoni vya wagonjwa fulani, wakavifananisha na majeraha ya kung'atwa na mnyama huyo. Baadaye ilijulikana kwamba uso ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Lupusi huweza kushambulia ngozi, viungo, damu, figo, moyo, mapafu na hata ubongo. Kwa mgonjwa mmoja huanza na viungo, kwa mwingine huanza na figo. Tena huwaka na kutulia: miezi kadhaa mgonjwa yu hoi, miezi kadhaa anaonekana mzima na analima shamba lake.

Katika kila wagonjwa 10 wa lupusi, takriban 9 ni wanawake. Katika nchi ambazo wagonjwa wamehesabiwa vizuri, kama Marekani na Uingereza, imeonekana kwamba watu wenye asili ya Afrika huugua zaidi kuliko Wazungu, na huugua vibaya zaidi. Kwa hiyo tusidhani kwamba huu ni ugonjwa wa watu wa mbali.

Jambo moja tunataka likumbukwe kuliko yote: lupusi haiambukizi. Huwezi kuipata kwa kula sahani moja na mgonjwa, kulala naye kitanda kimoja, au kumfulia nguo. Mume hawezi kuipata kwa mkewe.

KITABU KIMOJA, KURASA NYINGI

Ili tuelewe kinga inavyoweza kukosea, tuanze na swali rahisi. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana zinazoitwa seli. Kuna seli za jicho, za ini, za ngozi, na seli nyeupe za damu ambazo ndizo askari wa kinga. Zote zimetokana na seli moja ile ya kwanza tumboni mwa mama. Iweje basi moja iwe jicho na nyingine iwe askari?

Chukueni mfano wa Misale iliyopo altareni. Ndani yake mna sala za mwaka mzima: za Majilio, Noeli, Kwaresima na Pasaka, za ndoa na za marehemu. Kitabu ni kimoja, lakini siku ya Noeli padre hafungui ukurasa wa Ijumaa Kuu. Sakristani ameshaweka utepe mahali panapostahili, na ukurasa wa siku hiyo ndio unaosomwa. Nyingine zote zimo, ila zimefungwa.

Seli nazo ziko hivyo. Karibu kila seli ya mwili wako ina kitabu kizima cha urithi ulichopewa na baba na mama. Maelezo yaliyomo huitwa jeni, na binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zenye maelezo ya kutengeneza protini. Jeni ikisomwa, protini iliyoandikwa humo hutengenezwa na kufanya kazi yake. Jeni ikifungwa, protini hiyo haitengenezwi. Seli ya jicho husoma kurasa za kuona, na seli ya kongosho husoma ukurasa wa insulini. Afya yetu basi haitegemei tu yaliyoandikwa kitabuni. Inategemea pia ukurasa upi umefunguliwa, wakati gani, na kama unafungwa kazi inapokwisha.

Hapo ndipo penye kiini cha ugonjwa wa lupusi.

YOWE LISILOKOMA

Kijijini mwizi akiingia usiku, mwenye nyumba hupiga yowe. Majirani huamka, hufunga milango yao kwa makomeo, na sungusungu hutoka na marungu. Mwizi akishakamatwa, yowe hukoma, watu hurudi kulala, na kesho yake kila mmoja huenda shambani.

Seli iliyovamiwa na virusi nayo hupiga yowe. Yowe hilo ni protini iitwayo intaferoni, iliyogunduliwa mwaka 1957 mjini London na wataalamu wawili, Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Intaferoni ikizifikia seli za jirani, seli hizo hufungua mamia ya kurasa za vita ambazo siku za kawaida zimefungwa. Mtu mwenye mafua makali huona homa, uchovu na maumivu ya mwili mzima. Sehemu kubwa ya mateso hayo haitokani na virusi wenyewe. Inatokana na vita ambavyo kinga yake inapigana. Virusi wakishamalizwa, kurasa hufungwa na mwili hutulia.

Kwa wengi wenye lupusi, kurasa hizo hazifungwi. Mwaka 2003 makundi mawili ya wataalamu huko Marekani, moja la Minnesota na jingine la Dallas, yalichukua damu ya wagonjwa wa lupusi na kuchunguza jeni zipi zinasomwa ndani ya seli zao nyeupe. Walikuta kurasa zilizoamshwa na intaferoni ziko wazi, kana kwamba virusi wamejaa mwilini. Miongoni mwa watu wazima wa Minnesota hali hiyo ilionekana wazi kwa karibu nusu ya wagonjwa. Miongoni mwa watoto wa Dallas ilionekana kwa wote isipokuwa mmoja. Mwizi hayupo, lakini yowe linaendelea usiku na mchana, na sungusungu waliochoka na kukasirika wanaanza kuwapiga wenyeji.

Ni nani basi anayeanzisha yowe hilo? Ndani ya seli fulani za kinga kuna kipokezi ambacho tunaweza kukifananisha na sikio. Wataalamu hukiita TLR7. Kazi yake ni kutambua mabaki ya virusi. Lakini kila siku seli zetu wenyewe hufa kwa mamilioni, na mabaki yake hufanana kidogo na yale ya virusi. Kwa mtu mzima wa afya takataka hizo husafishwa upesi na sikio halishtuki. Kwa mwenye lupusi, usafi huchelewa au sikio huwa kali mno, hata takataka za nyumbani zinadhaniwa ni mwizi.

Mwaka 2022 kundi lililoongozwa na Profesa Carola Vinuesa lilieleza habari za msichana wa Hispania aliyeanza kuugua lupusi kali akiwa na umri wa miaka 7. Katika kitabu chake cha urithi walikuta herufi moja tu imebadilika, tena katika ukurasa wa TLR7. Sikio lake lilikuwa limezidi ukali. Walipoweka badiliko hilo hilo kwa panya, panya nao wakapata ugonjwa wa aina ya lupusi. Si kila mgonjwa ana badiliko hilo. Ni la nadra. Lakini limetuonyesha wazi njia ambayo ugonjwa hupitia.

Yowe likishapigwa muda mrefu, aina nyingine ya seli nyeupe huanza kutengeneza silaha ziitwazo antibodi, na silaha hizo huelekezwa kwenye viini vya seli za mwili wenyewe. Antibodi hushikamana na takataka tulizozitaja, kisha hunasa kwenye vichujio vidogo vya figo, kama matope yanavyoziba chujio. Ndiyo maana mgonjwa wa lupusi huweza kuanza kuvimba miguu na macho, na protini huanza kupotea katika mkojo.

KWA NINI HASA AKINA MAMA?

Mwanamke ana kromosomu mbili za X, mwanamume ana moja ya X na moja ya Y. Kromosomu ni kama juzuu za kile kitabu cha urithi. Ili mwanamke asiwe na maelezo mara mbili, kila seli yake huifunga X moja na kuisoma nyingine. Jambo hilo lilielezwa mwaka 1961 na mtaalamu wa Uingereza, Mary Lyon.

Lakini juzuu iliyofungwa haifungwi kabisa. Baadhi ya kurasa zake hubaki wazi. Mwaka 2018 wataalamu wa Ufaransa walionyesha kwamba katika baadhi ya seli za kinga za wanawake, ukurasa wa TLR7, ambao umo katika X, husomwa kutoka juzuu zote mbili. Yaani baadhi ya seli za mwanamke zina masikio makali zaidi. Hilo humsaidia kupambana na virusi, lakini pia humweka karibu zaidi na hatari ya lupusi. Hata wanaume wachache wanaozaliwa na X mbili na Y moja huugua lupusi mara nyingi zaidi kuliko wanaume wengine, takriban mara 14.

Tumelieleza hili kwa makusudi. Akina mama wengi wakiugua huulizwa: "Umefanya nini? Umemkosea nani?" Mama mwenye lupusi hakufanya lolote. Ugonjwa wake si adhabu ya dhambi, wala si wivu wa jirani.

JE, LUPUSI HURITHIWA?

Wasomaji watauliza: ikiwa jambo lenyewe limo katika kitabu cha urithi, je, mtoto wa mgonjwa naye ataugua?

Tuangalie maisha ya mwandishi Mkatoliki wa Marekani, Flannery O'Connor, aliyezaliwa mwaka 1925 huko Savannah. Baba yake alifariki kwa lupusi mwaka 1941, binti akiwa na miaka 15. Mwishoni mwa mwaka 1950 yeye mwenyewe alianza kuugua. Mwanzoni aliamini kwamba ana ugonjwa wa viungo tu, na ni mwaka 1952 alipokuja kuujua ukweli. Aliishi shambani na mama yake, akifuga tausi, akitembea kwa magongo, na akiandika kila siku kadiri nguvu zilivyomruhusu. Mwaka 1958 alikwenda kuhiji Lourdes. Alifariki mwaka 1964 akiwa na miaka 39. Wakati huo dawa zilikuwa chache kuliko tulizo nazo leo.

Mfano huo unaonyesha kwamba lupusi huweza kupita katika ukoo. Hata hivyo tusikimbilie kukata tamaa. Uchunguzi uliofanywa kwa mapacha wa kufanana, wale wenye kitabu kimoja cha urithi herufi kwa herufi, ulionyesha kwamba pacha mmoja akiwa na lupusi, mwenzake naye huugua katika takriban robo tu ya jozi. Kama kitabu peke yake ndicho kingeamua, wote wangeugua. Watoto wengi wa mama mwenye lupusi hawaugui kabisa.

Kwa hiyo kinachorithiwa ni uwezekano, siyo ugonjwa wenyewe. Kuna mambo ya maisha yanayosaidia kufungua zile kurasa au kuziacha zimefungwa. Jua kali huua seli za ngozi na kuongeza takataka zile zinazodhaniwa ni virusi. Sigara huongeza hatari. Maambukizi ya virusi fulani nayo huweza kuwa chanzo cha kuwaka kwa ugonjwa.

WALINZI WA AMANI

Katika kinga yetu hamna wapiganaji tu. Zipo pia seli ambazo kazi yake ni kuwatuliza wapiganaji, mfano wa wazee wa baraza wanaosema, "Basi, inatosha, rudini nyumbani." Mtaalamu wa Japani, Shimon Sakaguchi, alizieleza seli hizo mwaka 1995. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani waligundua jeni iitwayo FOXP3. Baadaye ilithibitika kwamba jeni hiyo ndiyo inayoifanya seli kuwa mlinzi wa amani. Ukurasa huo usiposomeka vizuri, walinzi hukosekana, na mtoto huzaliwa na kinga inayoshambulia matumbo, ngozi na kongosho lake mwenyewe. Kwa kazi hiyo wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025. Hadi sasa wataalamu wanatafuta namna ya kuwaongeza walinzi hao kwa wagonjwa wa lupusi na wa magonjwa yanayofanana nayo.

DAWA HUFANYA KAZI GANI?

Lupusi haina dawa ya kuiondoa moja kwa moja. Zipo dawa za kuituliza, na wengi wanaozitumia vizuri huishi miaka mingi, hufanya kazi na kulea watoto wao.

Dawa ya kwanza ni ndugu wa dawa tuliyoifahamu sote. Wasomaji wenye umri wetu wanaikumbuka klorokwini, uchungu wake na muwasho wake, kabla ya Tanzania kuacha kuitumia kama dawa kuu ya malaria mwaka 2001. Mwaka 1951 daktari Francis Page wa London aliandika kwamba dawa nyingine ya malaria, mepakrini, iliwapa nafuu wagonjwa wake wa lupusi. Kutoka hapo ilifuata haidroksiklorokwini, ambayo leo ndiyo msingi wa matibabu kwa karibu kila mgonjwa. Huingia ndani ya seli za kinga na kulipunguzia ukali lile sikio la TLR7, hivyo yowe la intaferoni hupungua.

Dawa ya pili ni prednisoloni na jamii yake, zinazotumika ugonjwa unapowaka. Wale wataalamu wa Dallas walikuta kwamba watoto waliopewa dawa za jamii hiyo kwa kiwango kikubwa, kurasa za vita katika seli zao zilifungwa. Lakini dawa hizi zikitumika kwa wingi na kwa muda mrefu huleta madhara: shinikizo la damu, kisukari, mifupa dhaifu na uso kujaa. Ndiyo maana daktari hupunguza kiwango taratibu. Figo zikiathirika, huongezwa dawa nyingine za kupunguza nguvu za kinga. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha pia dawa ya dripu iitwayo anifrolumabu, inayozuia seli zisilisikie yowe la intaferoni, lakini bei yake ni kubwa mno kwa familia zetu nyingi.

Angalieni jambo hili kwa makini. Dawa hizi hufunga kurasa, hazifuti maandishi. Mgonjwa akiziacha, kurasa huweza kufunguka tena. Tumemuuguza mama mmoja kijana aliyepata nafuu nzuri. Nywele zilirudi, viungo vikaacha kuuma, akarudi kuimba kwaya. Nyumbani wakamwambia, "Umepona, dawa za nini tena? Zitakumaliza." Akaziacha. Baada ya miezi michache aliletwa kwetu amevimba uso na miguu, shinikizo la damu liko juu, na mkojo umejaa protini. Alitibiwa, akaokoka, lakini figo zake hazikurudia nguvu za awali. Waliomshauri walimpenda. Hawakujua tu kwamba ile nafuu waliyoiona ilikuwa ni kazi ya dawa.

DALILI ZA KUANGALIA

Dalili moja peke yake haitoshi kusema mtu ana lupusi. Lakini zikikutana kadhaa kwa mtu mmoja, hasa msichana au mama, afike hospitali:

1. Viungo vya vidole, viganja au magoti kuuma na kukakamaa asubuhi kwa majuma mengi.

2. Upele au weusi unaotanda mashavuni na juu ya pua, kama kipepeo aliyekunjua mabawa. Kwa ngozi nyeusi hauonekani mwekundu. Mara nyingi huonekana kama madoa meusi au ya zambarau.

3. Ngozi kuharibika au mwili kuchoka sana baada ya kukaa juani.

4. Nywele kunyonyoka, na vidonda vya kinywani vinavyorudi rudi.

5. Homa za mara kwa mara wakati vipimo havionyeshi malaria wala maambukizi mengine.

6. Maumivu ya kifua wakati wa kuvuta pumzi.

7. Mimba kuharibika mara kwa mara.

8. Kuvimba miguu au macho, na mkojo wenye povu jingi.

Daktari atapima damu, mkojo na shinikizo la damu, na huenda akaagiza kipimo kiitwacho ANA. Kipimo hiki kina mipaka. Karibu wagonjwa wote wa lupusi huwa nacho chanya, lakini hata watu wazima wa afya huweza kuwa nacho chanya. Kwa hiyo mtu asijihukumu kwa karatasi ya maabara peke yake. Hospitali ndogo zikishindwa, mgonjwa hupelekwa hospitali ya rufaa.

Lipo jambo jingine ambalo wanandoa wanapaswa kulijua. Baadhi ya antibodi za lupusi huweza kufanya kipimo cha kawaida cha kaswende kionyeshe kwamba mama ana ugonjwa huo wakati hana. Kliniki ya wajawazito kipimo hicho hufanywa kwa wote. Kabla nyumba haijawaka moto kwa tuhuma, ombeni kipimo cha pili cha kuthibitisha.

USHAURI KWA WAGONJWA NA FAMILIA

1. Usiache dawa wala kupunguza vidonge bila kuzungumza na daktari, hata ukijisikia mzima. Prednisoloni ikikatwa ghafla huweza kuhatarisha maisha. Zikikaribia kwisha, anza kutafuta nyingine mapema.

2. Pima mkojo na shinikizo la damu kila unapohudhuria kliniki. Kipimo cha mkojo ni cha gharama ndogo, nacho huonyesha kwamba figo zimeguswa kabla hujavimba. Ukisahauliwa, kumbusha.

3. Jikinge na jua. Vaa mikono mirefu, kofia pana au kanga kichwani, tumia mwavuli, na fanya kazi za shamba alfajiri au jioni. Hii si anasa. Ni sehemu ya dawa.

4. Anayetumia haidroksiklorokwini apimwe macho anapoanza, na baada ya miaka 5 apimwe kila mwaka, kwa sababu mara chache dawa hii hudhuru macho.

5. Ukipata homa, usikae nayo nyumbani. Dawa za kupunguza kinga huwapa vijidudu nafasi. Na kabla ya chanjo yoyote, mweleze mhudumu dawa unazotumia.

6. Mwenye lupusi anaweza kupata mtoto. Lakini mimba ni salama zaidi ugonjwa ukiwa umetulia kwa muda usiopungua miezi 6. Haidroksiklorokwini huendelea kutumiwa wakati wa mimba. Baadhi ya dawa nyingine humdhuru mtoto tumboni. Hivyo mume na mke waje pamoja wazungumze na daktari kabla, na wafundishwe kupanga uzazi kwa kuzifahamu siku za mama.

7. Sigara iachwe, na asivutiwe karibu naye.

8. Dawa za mitishamba zisichanganywe na za hospitali kwa siri. Mwambieni daktari mnachotumia, hatutawagombeza.

Tunawaomba pia viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo na akina mama wa WAWATA. Mgonjwa wa lupusi leo anacheka nanyi kwenye sala za Jumuiya, kesho hawezi hata kushika ufagio. Msimwite mvivu wala mdeka. Mchoteeni maji, msaidieni kufua, changeni nauli ya kliniki. Mkisikia mtu anasema kwamba fulani amerogwa, mwelezeni mliyoyasoma hapa. Na yule anayempeleka mgonjwa kwenye maombi, afanye hivyo, nasi tunasali naye. Lakini akimpeleka, amwachie na vidonge vyake mfukoni. Sala na dawa havigombani. Padre anayempaka mgonjwa mafuta matakatifu na muuguzi anayempa vidonge wanamhudumia mtu yule yule.

Wapenzi wasomaji, kama nyumbani kwenu yupo binti ambaye viungo vyake vinamuuma miezi sasa, nywele zinanyonyoka, na hakuna aliyewaambia sababu, msingoje toleo lijalo. Mleteni hospitali juma hili, na mje na mkojo wake wa asubuhi katika chupa safi.

Mungu awabariki, na Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, awaombee.